Shefu Aliyesahihisha Maswali kwa Masikio

Shefu hakuwa mkuu wa kitu chochote. Mkurugenzi tulikuwa naye, msimamizi wa ghala tulikuwa naye, hata mlinzi wa getini alikuwa na msaidizi wa kumwamuru. Shefu alikuwa mama mtu mzima mwenye meza moja karibu na birika la chai, kiti chenye mto wa kitenge, na sauti ambayo ukiisikia unasimama kabla hujajua kwa nini umesimama. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye mkataba wa kazi, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kulitamka.

Kazi yetu ilikuwa ghala la baridi, si mbali na Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpakani cha kuingia Goma. Akina mama wanaovuka kwenda kuuza Goma waliacha kreti zao kwetu jioni: sambaza, wale dagaa wa Kivu, maziwa, karoti, nyanya. Asubuhi mpaka ukifunguliwa, kila mmoja alitaka kreti yake pale pale. Aliyejua ipi iko chumba gani ni kompyuta peke yake. Unaiandikia swali, kwa lugha yake yenyewe, nayo inakujibu. Lakini kompyuta haijibu swali lililoandikwa ovyo. Sahau koma moja, sahau kufunga mabano, inagoma kabisa. Inakutupia maneno mekundu kwamba kuna kosa mstari wa nne, na huku nje akina mama wanagonga dirisha na sambaza wameanza kunuka. Hapo ndipo unakwenda kwa Shefu.

Niseme mapema jambo ambalo ofisi nzima ililijua na ofisi nzima ililificha: Shefu alikuwa haoni. Si kwamba alikuwa kipofu. Aliona mwanga, aliona umbo, aliona kwamba wewe ni mtu wala si kabati, ingawa hilo nalo si kila siku. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, na koma kwenye skrini kwake ilikuwa kama haijaandikwa. Mwenyewe aliamini hakuna anayejua. Alikuwa mjane, nyumba yake ya Nyamyumba ilikuwa kimya tangu wanawe waondoke, na aliniambia zaidi ya mara moja kwamba siku watakayomwondoa kwenye kile kiti atakwenda kulala na hatakuwa na sababu ya kuamka. Basi tukanyamaza.

Ukimpelekea swali lililovunjika, hakugeuza hata shingo kutazama skrini.

"Bon. Simama, soma," alikuwa akisema. "Polepole. Usinikimbilize, mi si voiture, sina magurudumu."

Unasimama katikati ya ofisi, unasoma kwa sauti, neno kwa neno, alama kwa alama. Penye koma unagonga meza. Penye mabano ya kufungua unainua mkono. Penye mabano ya kufunga unaushusha. Ukifika mwisho ukajikuta mkono bado uko juu, umepata kosa lako, nenda ukalirekebishe. Tatizo ni kwamba binadamu ana mikono miwili tu, na mkurugenzi wetu alipenda mabano ndani ya mabano ndani ya mabano mengine. Mikono ya msomaji ikiisha, Shefu aliita ya wengine.

"Nani iko na mukono bure?"

Hapo mlinzi anaingia anainua wake, msimamizi wa ghala anainua wake, na Mama Maziwa, mchuuzi aliyekuwa amekuja kuulizia madumu yake tu, anainua wake dirishani na kukaa hivyo mpaka aambiwe ashushe. Mama Maziwa hakujua kompyuta hata kidogo, lakini alikuwa bano zuri sana. Hakushusha mkono ovyo.

Siku moja mchungaji mmoja alikuja kuuliza kama tunaweza kumhifadhia keki ya harusi. Alichokikuta ni watu wanne wamesimama mikono juu, mmoja anasoma kwa sauti ya kutetemeka, na mama mtu mzima aliyefumba macho akisema, "Fungua... fungua tena... vumilia..."  Mchungaji naye alifumba macho, akainua mkono, akajiunga nasi. Tukafika mwisho wa swali, mkono mmoja ukawa umebaki. Tukasoma upya, bado umebaki. Tukatafuta lile bano lisilofungwa kila mahali, mkurugenzi akaanza kuvua koti, na nje akina mama walikuwa wameacha kugonga dirisha, sasa wanalipiga. Mwishowe Shefu akanyanyua kidole.

"Muninyamazie kidogo. Kuna mutu hapa anapumua, mi simujue."

"Amina," alisema mchungaji.

Mabano yote yalikuwa sawa tangu mwanzo. Kilichokosekana ni koma moja baada ya neno "uzito". Keki tulimhifadhia, na Shefu alisema yale ndiyo maombi ya kwanza aliyowahi kuyaona yakiharibu kitu badala ya kukitengeneza.

Kuhusu makosa alikuwa na imani zake, na ole wako umpinge. Ya kwanza ni kwamba usiamini maneno mekundu. "Kosa haiko pale inasema," alikuwa akituambia. "Ile mashine inapigaka kelele pale inasikia maumivu, si pale ilipigwa. Rudi nyuma kidogo." Ukirudi nyuma kidogo, kweli, unalikuta mstari wa tatu, limetulia kana kwamba halihusiki. Ya pili ni kwamba lazima uulize swali limetoka wapi, kama vile askari wa mpakani anavyouliza.

"Hii umeitosha wapi?"

"Mkurugenzi amenitumia kwenye simu."

"Basi futa alama zote za kunukuu, andika mupya kwa mikono yako. Simu inazipinda."

Na kweli simu ilikuwa inazipinda, inazifanya ziwe nzuri kama za kwenye kitabu, na kompyuta haitaki nzuri, inataka zilizosimama wima. Alama iliyopinda haisikiki ukiisoma kwa sauti. Shefu asingeweza kuinasa kwa masikio hata angejaribu, ndiyo maana aliinasa kwa kuuliza ilikopitia. Mimi nilihitimu chuo na sikuwahi kufikiria kuuliza.

Halafu kulikuwa na vita vya kibodi. Ofisi yetu ilikuwa na watu waliorudi kutoka Kongo na waliorudi kutoka Uganda, na mimi niliyekulia Karagwe, ambaye Shefu alisema Kiswahili changu kimevaa kravati. Waliotoka Kongo waliandikia kibodi za Kifaransa, waliotoka Uganda za Kiingereza, na kila upande uliamini upande wa pili hauko timamu. Mkurugenzi alikulia Uganda. Akikaa kwa haraka kwenye kibodi ya Kifaransa, kidole chake kikitafuta koma kinaangukia nukta-mkato, alama ambayo kwa kompyuta maana yake ni kwamba umemaliza kuongea. Kwa hiyo anajikatiza mwenyewe katikati ya swali, kisha anashangaa kwa nini hajibiwi. Shefu alikuwa anajua kabla msomaji hajamaliza mstari wa pili.

"Directeur amekaa tena kwa kiti ya Bakongomani. Mumutoe pale."

Lakini msidhani yeye mwenyewe alikuwa malaika. Mtu aliyetusimamisha mikono juu kwa ajili ya bano moja, alikuwa hafungi chochote maishani mwake. Mlango aliuacha wazi. Thermos aliiacha wazi. Hadithi zake ndizo zilinitesa zaidi. Anaanza kukueleza jinsi alivyompata mumewe kwenye harusi Bukavu, katikati anaingia kwa shangazi aliyepika wali wa harusi ile, kwa shangazi anaingia kwa mbuzi wa shangazi, na mbuzi anapigwa na radi, na hapo chai inaiva na Shefu anaondoka. Mpaka leo sijui mume alipatikanaje.

Na hesabu zake za desimali! Masista waliomfundisha utotoni walimfundisha kuandika kilo mbili na nusu kwa koma, na hakuna nguvu duniani ingemfanya aweke nukta. Alitamka "mbili koma tano", ukaandika hivyo hivyo kwenye mabano, na kompyuta, bila kugoma, bila neno jekundu hata moja, ikakuletea kreti za kilo mbili na kreti za kilo tano. Nilipomweleza, alinikasirikia siku mbili. Alisema masista wake walikuwa watakatifu na kompyuta haijawahi hata kubatizwa.

Sasa mambo ya macho. Kila mtu ofisini alikuwa na zamu yake ya kuficha. Mlinzi aliondoa kreti njiani kabla Shefu hajafika. Mama Maziwa akimpa mkono alijitaja jina kwanza, kwa sauti, kana kwamba wameonana jana kwa mara ya kwanza. Na asubuhi Shefu akiingia alilisalimia koti la mkurugenzi lililotundikwa mlangoni.

"Bonjour, Directeur."

"Bonjour, Mama," mkurugenzi alikuwa anajibu kutoka chumbani kwake, haraka, kabla haijapita hata nukta moja ya kimya. Tangu siku ya kwanza ya salamu ile hakulivaa tena lile koti ndani ya ofisi, hata siku za mvua ambapo ziwa lote linahamia hewani na sisi tunatetemeka kuliko karoti zilizomo ghalani.

Huyu mkurugenzi lazima nimweleze vizuri. Alikuwa mlokole wa kweli kweli. Alikuwa hadanganyi. Sisi wengine tukipigiwa simu tukiwa bado kitandani tunasema tuko njiani, yeye alikuwa anajibu, "Sijatoka, natafuta soksi." Akiulizwa na mchuuzi kama kreti yake iko salama, alikwenda kwanza kuitazama ndipo ajibu. Alikuwa anachosha, kwa kweli. Alikuwa na umri wa kuwa mtoto wa Shefu, na Shefu alimheshimu kwa mdomo na kumlea kwa vitendo.

Ndipo ikaja habari mbaya. Makao makuu yalisema kila anayegusa maswali ya kompyuta atapimwa. Mgeni atakuja kutoka Kigali, na kila mmoja atakaa peke yake mbele ya skrini, asahihishe swali lililovunjwa kwa makusudi. Hakuna kusomewa, hakuna kuinua mikono. Atakayeshindwa hatabaki kwenye kiti chake.

Nilimfuata Shefu mezani, nikazunguka mbuyu wee, mwisho nikasema siku hizi madaktari wanatoa mtoto wa jicho na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

"Kwa nini unaniambia hivyo? Mi naona muzuri," alisema. "Nakuona hata sasa. Umevaa bulu."

Nilikuwa nimevaa njano. Mwanamke huyu hakuogopa askari wa mpakani, hakuogopa dhoruba za Kivu, na siku nyoka alipoingia ghalani alimfukuza kwa ufagio huku akimtukana. Lakini kisu cha jichoni alikiogopa kama mtoto mdogo.

Siku ya kupimwa alikuja amevaa kitenge kipya, akaketi wima. Mgeni alikaa upande wa pili wa meza, mgongo wa skrini ukimwelekea, hivyo hakuona kilichomo. Mkurugenzi alisimama nyuma ya Shefu. Mimi nilikuwa mlangoni. Mgeni akaanza hotuba. Alizungumzia nidhamu, alizungumzia maendeleo, alizungumzia safari yake ya barabarani na kona zake. Alizungumza muda mrefu mpaka skrini, ambayo haijaguswa, ikazimika yenyewe kama zinavyozimika zikiachwa bila kazi. Ikawa nyeusi tii.

"Haya Mama, karibu," alisema mgeni.

Shefu akarekebisha miwani. Akainama mbele, akaitazama ile skrini nyeusi kwa utulivu wa mtu anayesoma gazeti. Akatikisa kichwa kidogo, kama kawaida yake akikuta uzembe wa mtu.

"Bon. Nimeiona," alisema. "Mustari ya tatu. Koma imekosa."

Nilitamani sakafu inimeze. Mlinzi, aliyekuwa anachungulia dirishani, alijifunika uso kwa kofia.

"Ni sahihi, Mkurugenzi?" mgeni aliuliza.

Mkurugenzi alikuwa anaitazama ile skrini. Alivuta pumzi ndefu.

"Correct," alisema.

Kisha akanyoosha mkono juu ya bega la Shefu, akagusa kipanya, skrini ikawaka, naye akaandika haraka haraka huku akisema, "Kama alivyosema, kama alivyosema." Kosa lenyewe halikuwa koma. Lilikuwa bano, na lilikuwa mstari wa mwisho. Mgeni akasikia mlio wa kompyuta ikijibu, akampongeza Shefu, akaomba chai.

Lakini skrini ilipowaka, mwanga ulimpiga Shefu usoni. Mwanga alikuwa anauona. Akajua papo hapo kwamba alikuwa amelisoma giza, na kwamba mtu nyuma yake alijua, na kwamba huenda sote tulijua tangu zamani. Akachukua mkoba wake, akatuaga mmoja mmoja, akamuuliza Mama Maziwa habari za mtoto wake aliyekuwa na homa. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Simu haikupokewa. Kiti chake kilibaki pale na ule mto, na hakuna aliyethubutu kukikalia, ingawa kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote.

Mkurugenzi naye akaharibika. Chakula kilimshinda, maswali yake yakawa yamevunjika kila mahali. Jumapili ikafika, akasimama kanisani mbele ya waumini wote, akatubu. Nilikuwepo, nilialikwa na jirani. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alisema, "nimeanguka. Ilikuwa kazini. Inamhusu mwanamke. Ilikuwa kitu cha sekunde moja, na sikuweza kujizuia, na nikimkumbuka mama huyo sijuti kama inavyopasa."

Kanisa zima likavuta pumzi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Yebaba we!" Mchungaji akamwomba kwa upole aeleze zaidi ili aombewe vizuri, akakataa. Kama angeeleza, makao makuu yangesikia, na Shefu angepoteza kiti. Kwa hiyo alifunga mdomo, akashuka madhabahuni, akapita katikati ya macho yale yote mpaka alipokaa mke wake, na mke akasogea upande wa pili wa benchi. Wiki zile mtu yule alikuja kazini na shati lisilopigwa pasi. Nilitaka kumweleza mke, naye mkurugenzi akaniapisha nisifungue mdomo. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Jumamosi moja nilichoka. Nilipanda moto, kama wenyeji wanavyoiita pikipiki, mpaka Nyamyumba, nikauliza, wakaniambia yuko kwenye chemchemi. Nilimkuta ameketi na wanawake wengine, miguu ndani ya maji moto, miwani myeusi usoni. Nikasimama mbele yake. Akaniangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mgeni.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Shefu, ni mimi."

Akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu kidogo, lakini safi, na yalinitazama kweli: uso, kisha viatu, kisha uso tena.

"Weye? Ego Mana! Kumbe uko mufupi hivi! Na ile Kiswahili yote unaiwekaka wapi?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, sina haja ya kuficha. Alikuwa amefanyiwa upasuaji macho yote mawili, moja baada ya jingine. Daktari, alisema, alikuwa kijana mudogo sana, anatafuna chingamu, na kisu hata hakukisikia. Nilimuuliza kwa nini hakupokea simu, kama ni aibu.

"Aibu niliona siku moja, ikaisha," alisema. "Mi nilisikia Directeur anavuta pumuzi, kisha anasema correct. Yule mutoto hadanganyake. Nikajiambia, donc, mulokole anabeba zambi juu ya macho yangu, na mi naogopa kisu? Nikaenda. Nilitaka kurudi siku naona, nimusalimie kwa uso wake mwenyewe, si kwa koti."

"Ulijua ni koti?"

"Nilikuja kujua hapa nyumbani. Yule nilikuwa nasalimia alinukaka kafuri ya nguo. Directeur hanukake kafuri."

Ndipo nikamweleza habari za kanisani. Nilimweleza kila neno kama lilivyosemwa, kiapo au si kiapo. Alianza kutabasamu pale nilipofika kwenye kipaza sauti.

"Alisema mwanamuke?"

"Alisema mwanamke."

"Sekonde moja?"

"Na kwamba hakuweza kujizuia."

Alicheka mpaka wanawake wengine wakatoa miguu majini kumtazama. Daktari alikuwa amemkataza kujikaza, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaendelea kucheka.

"Na bibi yake anasema nini?"

"Haongei naye. Ugali anampa, mboga hampi."

Kicheko kikaisha. Kisha akatoa miguu, akaikausha kwa kitenge, akaanza kuvaa viatu, kwa haraka, cha kushoto kwenye mguu wa kulia.

"Moto yako iko wapi?"

"Shefu, unakwenda wapi? Daktari amesema upumzike."

"Leo nalala kwako. Kesho ni dimanche," alisema. "Mi mukatoliki, lakini kesho niko kwa balokole. Nitasimama pale mbele, na hii miaka yangu na hii miguu imevimba, niwaambie: muangalie muzuri, mwanamuke mwenyewe ni huyu."